Iache kwa Moja

...wala boksi lenyewe si zito, ndiyo ajabu yake, redio ina uzito gani kwa mwanamke aliyebeba ndoo na watoto, ila ni pana, halishikiki kwa mkono mmoja, na ile karatasi ya kung'aa aliyoichagua mwenyewe dukani akaisifu kwamba inapendeza leo inamuumbua, akipumua tu inalia, kwaru kwaru, watu wa mstari wa mbele wanageuka, kwa hiyo amesimama kama nguzo pembeni ya meza kuu, mikono yote miwili chini ya zawadi, anangoja meneja amalize hotuba ili Mzee Mizania akabidhiwe redio yake ya kustaafu, na meneja hana dalili ya kumaliza, ameshika kipaza sauti katika chumba ambacho hata ukinong'ona unasikika mpaka chooni, anasema ndugu zangu, siku ya leo ni ya furaha na ni ya huzuni, na simu iliyo mfukoni mwa sketi imetikisika mara moja, fupi, huo ni ujumbe, ni mume wake, amefika benki, maana walikubaliana atamwandikia akishaingia kwenye foleni, basi ameingia, kwa hiyo sasa ni foleni ile na hotuba hii, ipi itakwisha kwanza, na yeye yuko katikati ameshika redio ya mtu mwingine... "Ukikaribia dirishani nipigie," alimwambia asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni, "nikipokea ujue nimeghairi, rudi na hela tukanunue mabati, nisipopokea, lipa," na mume akacheka, akasema mke wangu, huu ni mkataba gani wa watu wazima, yeye akatema povu, akamwambia anajijua, akipewa nafasi ya kusema atasema hapana kwa woga tu, mdomo wake ni mwoga kuliko kichwa chake, heri kunyamaza kwake kuhesabiwe kuwa ndiyo, na mume akakuna kidevu, akasema haya, wewe ndiye mwenye hesabu, mimi nina msumeno. Seremala yule hana neno, ndiyo shida yake, angekuwa na neno wangegombana, na ukigombana na mtu unajua unataka nini, lakini yeye alizitazama tu zile mbao za paa alizozipiga randa mwenyewe, zimelala uani kwa muda wote huo zikingoja mabati, zimeanza kuliwa na mchwa, akazipangusa kwa kiganja kama mtu anayemfuta mtoto vumbi, akaenda zake kuoga... meneja anasema, "Mzee huyu, jamani, ukikohoa mbele yake anadai risiti!" na chumba kizima kinacheka, Mzee Mizania naye anacheka kwa adabu, anavuta soda yake kwa mrija ingawa chupa imekwisha, mrija unakoroma, anastaafu leo na kesho hajui atavaa nini, mtu aliyevaa tai tangu redio zikiwa na ukubwa wa kabati, walimwita Mizania kwa sababu halali mpaka pande zote mbili za hesabu zilingane, na kweli, hata ndoa yake watu walisema ilisuluhishwa kwa kalamu nyekundu, upande wako hapa, upande wangu pale, tofauti iko wapi, tuitafute... kiti chake ndicho kinachoachwa wazi. Kiti cha mhasibu mkuu, kile chenye mgongo mrefu na mkono mmoja uliofungwa kwa gundi ya karatasi, na tangazo limekwisha bandikwa ubaoni, awe na uzoefu, awe na cheti cha taaluma ya uhasibu, vyote hivyo anavyo, cheti alikisomea akinyonyesha, kitabu huku mtoto kule, halafu sharti la tatu, awe na shahada ya uzamili ya biashara, hapo ndipo hana, na ndipo alipo mume wake sasa hivi, kwenye foleni, na hela za mabati kwenye bahasha ya kaki, kwenda kununua sharti la tatu, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kulipa, na ada ikilipwa hairudishwi, wameandika kwa herufi nzito, kana kwamba mtu akilipa pesa nyingi hivyo huwa anazirudia barabarani akilia.

Si kwamba hakuuliza, ameuliza mpaka watu wamemchoka, alianza na meneja mwenyewe, walipokutana kwenye ngazi, akamwambia bosi, mimi hapa nikisoma hiyo shahada itanifaa kweli, meneja akamshika bega, mikono yake laini kama ya mtu anayekula kwa uma hata ndizi, akasema, "Dada mkubwa, wewe ongeza elimu tu, mengine tuachie sisi, kile kiti hata mtu anaweza kukikaimu huku anasoma," na hilo neno kukaimu alilibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai, akalifikisha zima, akamwonyesha mume, akamwonyesha binti, nitakaimu, miaka miwili nakaimu na nasoma, nikimaliza kiti ni changu, na binti, mdomo kama wembe yule, akasema mama, kwa hiyo mimi na wewe tutafanya homuweki meza moja, na sahani ataosha nani, wakacheka wote, hata yeye alicheka, ilikuwa jioni nzuri ile, zimebaki chache kama ile... na meneja mwenyewe anayo hiyo shahada, tena imemfaa, kusema haimfai mtu ni uongo, ofisi ya zamani ilimlipia, akiwa kijana, hana mtoto wala jiko, alitoka humo akapanda, akapanda tena, sasa yuko juu anatazama vichwa vyetu vyenye vipara, lakini yule alikuwa tayari anapanda, shahada ilimkuta njiani ikamsukuma, ngazi humfaa aliyepewa ukuta wa kuiegemeza, ukisimama uwanjani na ngazi yako ya bei ghali mikononi utapanda kwenda wapi... halafu akamuuliza Masta, huyo hapo amekaa karibu na mlango, anamkonyeza, anamwuliza kwa midomo bila sauti, mkono haujafa? naye anamjibu kwa nyusi, umekufa na umezikwa, Masta jina lake la kazini kwa sababu ndiye mtu pekee wa chumba chao cha uhasibu mwenye hiyo shahada, aliisomea jioni, jumamosi, sikukuu, akakonda, akauza friji, na siku aliyorudi na picha ya joho wote walimpigia makofi, meneja akamwita ofisini kumpongeza, akatoka na mafaili ya idara ya jirani chini ya kwapa, "Ndiyo matunda yenyewe, mwenzangu," alisema Masta walipokuwa wakinywa chai, "nimepanda cheo cha kubeba," na akaulizwa lakini umejifunza nini huko, akawaza, akasema nimejifunza neno mkakati, nikiulizwa swali nisilolijua nasema inabidi tuliangalie kimkakati, watu wananyamaza, ni neno zuri, limenigharimu friji... na Masta hakucheka aliposema hivyo, hilo ndilo lililomchoma, mtu akitania bila kucheka ujue anatapika, baadaye kidogo alimwambia, usinisikilize mimi, labda mimi bahati yangu mbaya, wewe una nyota, nenda, na hilo likamuuma zaidi, maana kuku wa maskini hatagi lakini maskini mwenzake ndiye wa kwanza kumwambia ongeza kuku.

"...nidhamu ya fedha," anasema meneja, "nidhamu, nidhamu, hapa tulipo ni kwa sababu ya mzee huyu," na watu wanapiga makofi, naye hawezi kupiga, ana mikono, anatikisa kichwa badala yake, karatasi inalia kwaru, viatu vinambana, vidole viwili vya mguu wa kulia haviko naye tena, na foleni huko imesogea kiasi gani, leo mwisho wa mwezi, benki imejaa, walimu, wastaafu, wafanyabiashara na mifuko yao ya sarafu, labda itachelewa, labda mtandao utakatika, mtandao hukatika siku zote asipotaka ukatike, ukatike na leo basi, umpe nafasi ya kufikiri... lakini amefikiri sana, amefikiri mpaka mawazo yamekuwa kama nguo iliyofuliwa mno, hayana rangi, kuna siku alikwenda mpaka chuoni kwenyewe, walialika watu waje wasikilize somo moja bure, akavaa gauni lake la harusi za watu, akaingia mlangoni, kijana mmoja mwenye kompyuta begani akamwamkia, shikamoo mama, choo cha kike kimefungwa, funguo unazo wewe? na yeye, Mungu amsamehe, badala ya kukasirika alipapasa mkoba kutafuta funguo, sekunde nzima alipapasa, kama kweli anazo... akaingia darasani akakaa nyuma, mwalimu alikuwa mwanamke, kijana, msema kweli, akachora duka dogo ubaoni akauliza, hili duka lina faida kila mwaka na bado linakufa, kwa nini, na darasa likasema ushindani, likasema soko, yeye akanyoosha mkono, akasema huenda wateja wote wananunua kwa mkopo, faida iko kwenye karatasi, mkononi hakuna kitu, mwalimu akasema vizuri sana, endelea, na akaendelea, alisema na kusema, mambo ambayo hakujua kwamba anayajua yakatoka yamenyooka, na darasa limegeuka linamtazama, na kwa muda ule mfupi alihisi kichwa chake ni nyumba iliyofunguliwa madirisha yote, upepo unapita... hilo hajamwambia mtu. Kwa mume alisema tu somo lilikuwa zuri. Akisema alivyojisikia wataona anataka kusoma kwa starehe, na starehe hainunuliwi kwa mabati ya watoto, lazima iwe kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya kiti, lazima ilete kitu, basi ndiyo swali lenyewe, inaleta, haileti, na hapo ndipo kichwa hurudi palepale kama punda wa kinu... leo asubuhi kabla ya hafla alimfuata Mzee Mizania ofisini, mzee anapanga kalamu zake kwenye kopo la kahawa, akamuuliza kwa mara ya mwisho, mzee wangu, nisome? Na mzee akazimwaga kalamu zote mezani, akasema, "Binti yangu, usiniulize mimi. Mimi nilipita hapo kabla mlango haujawekwa. Nitakwambiaje kuhusu ufunguo?" akazirudisha kalamu kwenye kopo moja moja, nyekundu akaitenga, akampa, ile kalamu nyekundu, kama mtu anayempa mwenzake upanga, na yeye akafikiri, kumbe anajua, ananirithisha, kiti ni changu, akaichomeka kwenye nywele, ipo hapo mpaka sasa, inamkwaruza kichwa... na foleni inasogea, asidanganyike, foleni ya benki husogea.

Meneja amefungua karatasi nyingine, hotuba ina mkia, anasema, "Sasa najua mnajiuliza, pengo la mzee litazibwa na nani," na chumba kinanyamaza, hata mrija wa soda unanyamaza, na yeye anasimama wima zaidi, hawezi kujizuia, mgongo unanyooka wenyewe kama wa mwanafunzi aliyesikia jina lake likikaribia kwenye orodha, sasa atasema, atasema kwa sasa tutakuwa na kaimu, na kaimu wetu ni... "Niwatoe hofu," anasema meneja, "taratibu zimekamilika, mhasibu mkuu mpya ataripoti mwanzoni mwa mwezi, kijana hodari, ana shahada mbili za biashara, ana maono makubwa," makofi, mengi, na Masta hapigi, Masta ameinamisha kichwa anatazama kiatu chake, "na wala msiogope kwamba ni mgeni, hapana, kwa sababu," meneja anageuka, ananyoosha mkono kumwelekea yeye, yeye na boksi lake, "dada yetu mkubwa yupo! Nani hapa asiyemjua dada mkubwa? Mameneja wamekuja wamekwenda, yeye yupo. Huyu ndiye atakayemwelekeza mgeni wetu, atamwonyesha kila kitu, sivyo dada?" na kinywa chake, kile kioga, kinasema ndiyo bosi, kinasema hata kabla kichwa hakijasikia swali, na watu wanacheka kwa upendo, kweli ni upendo, hakuna aliye na ubaya, sauti ya bwana utumishi kutoka nyuma inasema, huyo hata jengo likibomolewa tutamkuta amesimama! wakacheka tena, na meneja akamalizia, "Yupo tu! Tumshukuru Mungu," akarudi kwenye karatasi yake... yupo tu. Yupo. Tu. Liko mahali hilo neno, ameliona mahali, ameliandika kwa mkono wake, aliandika wapi... jenereta. Jenereta ya uani, ile ya kijani, iliyo kwenye kibanda nyuma ya choo, alipoanza kazi binti yake hajaota meno na jenereta ilikuwa tayari kuukuu, na kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kupiga uchakavu wa mali za ofisi, kila mwaka kitu kinashushwa thamani kidogo, meza, kompyuta, gari, mpaka thamani inakwisha, na alipofika kwenye jenereta akakuta imekwisha, imeshushwa yote, akaandika sifuri kwa herufi safi za mtu mgeni, na Mzee Mizania, hapo nywele zake bado nyeusi, akamwita, akaikata ile sifuri kwa kalamu nyekundu, hii hii iliyo kichwani sasa, akasema, "Usiandike sifuri. Ukiandika sifuri mkaguzi atasema haipo, na kikisemwa hakipo, hakitiliwi mafuta wala hakijengewi kibanda. Iache kwa moja." Moja? Mbona inawasha ofisi nzima, mzee, umeme ukikatika wote tunaishi kwa hiyo. "Iache kwa moja," akasema mzee, "moja maana yake ipo, inafanya kazi, na hakuna anayetarajia kitu zaidi kutoka kwake," na yeye akaandika moja, shilingi moja, na mwaka uliofuata akaandika moja, na mwaka uliofuata, moja, na umeme ukikatika jenereta inanguruma kule nyuma ya choo, taa zinawaka, watu wanasema aah, wanaendelea na kazi, hakuna aliyewahi kwenda kuitazama.

Na kulikuwa na jingine, la jenereta hiyo hiyo, ndilo linalokuja sasa wakati meneja anasoma majina ya waliochangia zawadi, kulikuwa na mwaka ambao fundi aliletwa akaifungua tumbo, akabadili vyuma, kazi kubwa, ya gharama, na yeye kwa bidii yake akaziandika hela zile upande wa mali, akaongeza thamani ya jenereta, akafurahi, maskini jenereta, leo ina thamani tena, imetoka kwenye moja, akampelekea mzee kama mtoto anayepeleka mchoro, mzee akaitazama, akavua miwani, akamuuliza swali moja tu. "Sasa inawasha taa nyingi kuliko jana?" Hapana mzee, taa ni zilezile. "Basi hukuiongeza, umeitibu. Matibabu ni gharama, si mali. Ifute," na akaifuta, kosa ambalo kila mhasibu hulifanya mara moja, huruma ndiyo inayolileta, unaona hela nyingi zimeingia mahali ukadhani lazima thamani nayo imeingia, na hukumbuki kuuliza taa... Masta, je, anawasha taa nyingi kuliko jana? Anasuluhisha hesabu za benki zilezile, kwenye meza ileile yenye mguu uliowekewa kikaratasi, bila friji nyumbani. Yeye je, akimaliza, miaka miwili ya usiku na mabasi na homuweki na binti anayeosha sahani za watu wote, akirudi na joho na picha, kwenye kibanda kilekile, kwa watu walewale wanaomjua, wanaompenda, wanaosema yupo, nani atamtundikia taa mpya? Kijana hodari atakuwa kitini, bado kijana, hatastaafu leo wala kesho, na yeye atakuwa amemwonyesha kila kitu, mafaili yako hapa, funguo ziko hapa, kiti hicho usikiegemee mkono wa kushoto... kumbe kosa si shahada. Shahada haina kosa, kwa yule kijana ni mali, kwa meneja ilikuwa mali, angeipata yeye wakati ule kichwa kina wino mpya ingekuwa mali, na hata sasa mahali pengine, kwa watu wasiomjua, labda, lakini mahali pengine wapi, nani anaajiri mama wa umri huu amwanzishe upya, na yale madirisha, ule upepo wa darasani, ule ni kweli ulipita, na hakuna safu ya kuuandika... kwa hiyo si hapana ya woga. Hii ni nyingine. Anaipima, anaizungusha, anaitafuta ile hofu aliyomwambia mume asubuhi, haipo, kuna uwazi tu, kama chumba baada ya kuhama, na katikati ya chumba kuna kitu kimoja, mabati, watoto wakilala bila kodi ya mtu juu yao, mbao zikiokolewa na mchwa, si furaha, si ushindi, ni paa tu, paa halimwongezei cheo mtu lakini mvua ikinyesha linafanya kazi iliyolipiwa. Rudi na hela. Ndiyo. Mume akipiga, yeye atapokea, atasema neno moja, rudi, hata meneja akimkodolea, hata chumba kizima kigeuke...

na hapo inapiga. Mfukoni, pajani, ndefu, inatetemeka kama mdudu aliyefunikwa kopo, amekaribia dirishani, na yeye anaangalia meza kuu, hatua moja tu, lakini juu ya meza kuna keki, soda, maua ya plastiki, saa ya meneja aliyoivua, hakuna nafasi ya boksi, na chini ni mbali, kuinama mbele ya watu na sketi hii, na karatasi, na meneja anasema "...bila kumsahau bibi wa mapokezi, mchango wake mdogo lakini wenye moyo," makofi, simu inatetemeka, basi analivuta boksi ubavuni, analipandisha juu ya nyonga kama alivyowabeba watoto wake wote watatu, kwaru kwaru kwaru, watu wanageuka, meneja anatua kidogo, anamtazama kwa tabasamu la mwenye subira, na mkono mmoja uko huru, unashuka, mfuko wa sketi mdomo wake mdogo, nani hushona mifuko ya wanawake namna hii, vidole vinaingia, vinagusa kioo, kina joto, kinatetemeka, rudi, neno ni moja, rudi, tayari liko ulimini... na kinanyamaza. Kinanyamaza chini ya vidole vyake, ghafla, kama kitu kilichokwisha pumzi. Anakishika, hakitoi kitu. Yule mtu hapigi mara mbili, anamjua, ukimwambia pima mara moja anapima mara moja, aliambiwa nisipopokea lipa, yuko mbele ya dirisha sasa hivi, anafungua bahasha, anazinyoosha noti kwa kiganja chake cha kupangusia mbao, na msichana wa benki anazihesabu, na apige yeye sasa? Anaitoa simu nusu, chini ya kivuli cha boksi, kidole gumba kinatafuta jina lake, na "Dada yetu amechoka, mnaona, hata zawadi inataka kustaafu," anasema meneja, kicheko, anacheka naye, midomo yake inacheka, anabonyeza, inaita, inaita, haipokelewi, benki hawaruhusu mtu kupokea simu dirishani, kuna bango, amelisoma mara elfu... anakata. Anabonyeza tena. Inaita. Mzee Mizania anamtazama, mzee ameacha mrija, anamtazama yeye peke yake katika chumba kizima, macho yale ya kutafuta tofauti, na hana la kumsaidia, alikwisha sema. Halafu simu inatikisika mkononi, mara moja, fupi. Hana haja ya kusoma. Anasoma. *Nimelipa. Risiti ninayo. Hongera mwanafunzi wangu.* Na mwisho kaweka picha ya kofia ya joho, yeye ambaye hata alama ya mshangao hajui inakaa wapi kwenye simu, sijui ameitafuta kwa muda gani, amesimama pembeni pale benki na miwani yake ya dukani akiitafuta... na kabla hajajizuia, kwa mazoea tu, kichwa kimekwisha uliza lile swali la mzee, la taa, na kimekwisha andika, upande wa gharama, hela yote, bila kubakiza kitu upande wa mali. Anairudisha simu mfukoni. Anarudisha mkono wa pili chini ya boksi, karatasi inalia, na meneja anageuza karatasi yake upande wa pili, anasema sitawachosha, nina jambo moja la mwisho...